Land Cruiser ya kambi: ikague chini kabla hujafunguliwa hema

Mwenye gari la kambi anayetaka kubadilishana magari na wewe huanzia kwenye hema. Atalifungua, atateremsha ngazi, atawasha friji, atavuta droo ya jiko, na baada ya dakika kumi utakuwa umeshajiona Serengeti. Si lazima iwe hila, ndivyo vitu vinavyopendeza. Lakini hema, friji na sola vinauzwa dukani. Chasisi iliyopasuka na hedi (kichwa cha injini, juu ya silinda) iliyowahi kuchemka haviachani na gari, na hivyo ndivyo vinavyoamua nani kala hasara. Kwa hiyo ukaguzi uende kinyume na maonyesho yake: chini kwanza, kisha injini, kisha paa, na vyombo vya kambi mwisho.

Tunazungumzia hapa Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70: HZJ78, ile ndefu yenye milango ya nyuma inayofunguka kama kabati, na HZJ79, yaani pikapu. Zote zina injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo. Tanzania wengi wanaiita mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda kando ya kioo. Nyingi zilianza maisha kwa kubeba watalii kutoka Arusha au Nairobi, zikachoka, zikapigwa rangi, zikawekewa hema juu. Ukikagua Prado au Hilux, mpangilio ni uleule. Vipimo ndivyo vinavyobadilika.

Kabla ya kwenda

Omba mambo mawili: injini isiwashwe siku hiyo kabla hujafika, na gari lisipigwe presha kwa chini. Injini iliyokwisha kupata moto huficha ugumu wa kuwaka na moshi wa asubuhi. Gari lililooshwa chini halionyeshi panapovuja. Ukifika, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya vuguvugu, rudi kesho yake asubuhi. Hakuna ubishi wala haja ya kuuliza kwa nini.

Tenga nusu siku nzima na uende na fundi wako mwenyewe, si wa dalali wala wa mwenye gari. Kubalianeni gereji yenye shimo au lifti. Beba tochi kali, mita ya umeme, jeki na stendi mbili, spana ya 24 ya kufungulia nati za difu (boksi la gia lililo kwenye ekseli), tepu ya kupimia ya mita 5, sumaku ndogo, nyundo ndogo, sabuni ya maji, kipimajoto cha friji na daftari. Ukifika tu, hata kabla hujalala chini, tia kipimajoto kwenye friji, iwashe, andika saa. Utaisoma mwishoni.

Kwa kuwa mnabadilishana, gari lako nalo litakaguliwa. Lipitishe kwa fundi wako mapema kwa utaratibu huuhuu na uandike kasoro zake. Anayekwenda mezani bila kujua ubovu wa gari lake hujikuta anakubali bei yoyote ya matengenezo atakayotajiwa.

Namba kwanza

Namba ya chasisi ya gari hizi imegongwa upande wa kulia mbele, kwenye reli ya chasisi karibu na gurudumu. Futa tope kwa kitambaa chenye dizeli na usome kwa tochi. Ianze na HZJ78 au HZJ79, au kama ni namba ndefu ya gari lililotengenezwa Japani kwa kuuzwa nje, ianze na JT. Linganisha na kibao kilicho kwenye chumba cha injini, kisha na kadi ya gari, herufi kwa herufi. Herufi zilizopanda na kushuka, alama za mashine ya kusagia, au weldi iliyozunguka mahali penye namba, zote zina maana moja: ondoka. Injini iliyobadilishwa si dhambi, mradi namba yake iwe imeandikwa upya kwenye kumbukumbu za gari.

Gari lenye namba za kigeni linahitaji swali la ziada: liliingiaje nchini? Wasafiri wanaovuka Afrika huingia kwa karneti, yaani hati ya kupitisha gari mpakani kwa muda bila kulipa ushuru, au kwa kibali cha muda, na wengine wakimaliza safari hutaka kuliacha gari hapahapa. Gari hilo halijalipiwa ushuru. Kulichukua bila forodha kuhusika ni kuchukua deni pamoja na kosa la jinai. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto, kwa hiyo gari kama hilo huenda lisisajiliwe kabisa hata ukiwa na hela mkononi. Tanzania inaliruhusu gari kuukuu, ila TRA, mamlaka ya mapato, huongeza tozo ya uchakavu, na kwa gari la thamani hii tozo hiyo inaweza kubadilisha hesabu yote.

Chini ya gari

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko kote.

Anza na tepu. Pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, pande zote mbili, magurudumu yakiwa yamenyooka. HZJ78 ni sentimita 298, HZJ79 ni sentimita 318. Ikizidi hapo, chasisi imekatwa na kurefushwa ili kuongeza safu ya viti vya watalii. Pande mbili zikitofautiana zaidi ya sentimita moja, ekseli imesogea: ama bolti ya katikati ya springi imekatika, ama chasisi imepinda kwa ajali.

Chasisi iliyorefushwa si lazima uikatae. Ziko zilizofanywa na karakana zinazojua kazi, na zimedumu. Tafuta kiungo na ukitazame vizuri. Kazi nzuri ina kipande cha nyongeza chenye unene uleule wa chuma cha asili, na pleti za kuimarisha ambazo ncha zake zimekatwa mshazari. Kazi mbaya ina pleti ya mraba iliyopigwa weldi wima, juu hadi chini. Weldi ya wima inakusanya mkazo wote mahali pamoja, na chuma hupasuka milimita chache pembeni yake. Ufa huanza kama mstari mwembamba wa kutu unaokata rangi. Pitisha ukucha, ukinasa, si mkwaruzo wa rangi.

Kisha fuata reli zote mbili kwa tochi, mbele hadi nyuma. Simama zaidi kwenye vishikio vya shokapu za nyuma, vishikio vya springi, mahali pa kufungia boksi la usukani, na pale linapofungwa lile fito linalozuia ekseli ya mbele isiende kando. Hizo ndizo sehemu zinazopokea vishindo vya barabara ya makorongo. Gonga kwa nyundo kila baada ya kiganja kimoja: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu kwa ndani hutoa sauti ya mfu. Gari lililokaa Pwani au Zanzibar huanza kuliwa na chumvi, lakini usizisahau zilizofanya kazi Natron, Magadi na Amboseli. Vumbi la magadi likichanganyika na tope hukaa ndani ya reli na kula chuma polepole. Ukikuta rangi nyeusi mpya imepakwa chini yote ya gari la miaka 20, kwangua kidogo kwa bisibisi mahali pasipoonekana kabla ya kuamini kwamba mwenyewe ni mtunzaji.

Springi za nyuma ni vyuma bapa vilivyopangwa. Hesabu kila upande, tafuta kilichokatika, na utazame kama zimelala. Ukiona vyuma vimeongezwa juu ya vile vya kiwandani, gari limezoea kubebeshwa kupita kiasi. Pima kimo kutoka habu hadi ukingo wa fenda, kulia na kushoto.

Ekseli ya mbele ina mipira ya chuma ya kugeuzia magurudumu. Mpira wa chuma ulio mzima una utando mwembamba wa grisi nyeusi. Uliolowa uji mweusi unaodondoka unaonyesha kuwa sili ya ndani imekwisha, oili ya difu inaingia na kuyeyusha grisi. Sili zenyewe ni rahisi, kazi ya kufungua ndiyo ghali, na mara nyingi ukishafungua unakuta beringi nazo zimeliwa.

Inua ekseli ya mbele, iweke kwenye stendi. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Hizo hukazwa au hubadilishwa kwa bei ya kawaida. Mchezo ukibaki, ni beringi za juu na chini za kugeuzia, na hapo ndipo mtikisiko mkali wa usukani kwenye kilomita 60 hadi 80 kwa saa unapotokea. Shika tena, safari hii kulia na kushoto: mchezo wa hapa ni wa ncha za fito za usukani.

Fungua nati ya kujazia ya kila difu, usiguse ya kumwagia. Oili inatakiwa ifike ukingoni mwa tundu. Tia kidole. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji mtoni, na chembe zinazong'aa kama unga wa chuma ni gia zinazoliwa. Tazama pia vile vipumulio vidogo juu ya ekseli. Vikiziba, difu ya moto ikiingia ghafla kwenye maji baridi hunyonya maji kupitia sili.

Fungua nati ya kujazia ya giaboksi na ile ya boksi la pili la gia za fowili. Moja ikimwaga oili na nyingine ikiwa imepungua, sili iliyo kati yao imepasuka na oili inahama. Hakuna tone litakaloonekana sakafuni, na hiyo ndiyo sababu ubovu huu hugunduliwa siku giaboksi inapoanza kulia.

Shafti: weka vigingi kwenye magurudumu, shika shafti kwa mikono miwili na uizungushe huku na huku. Krosi ikilegea utaisikia mkononi.

Matairi yana tarakimu nne baada ya herufi za DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita, hata likiwa na kashata (meno ya tairi) nzima, lihesabu kama la kubadilisha, kwa sababu mpira hukauka juani. Usisahau la akiba. Mara nyingi ndilo la zamani kuliko yote.

Injini

Ikiwa bado ya baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe safi, yenye rangi ya kulanti. Ya kahawia yanatokana na kutu ya ndani; utando wa mafuta juu yake ni dalili mbaya zaidi. Vuta kijiti cha oili. Dizeli ina oili nyeusi, hilo si tatizo. Tatizo ni uji wa rangi ya maziwa kwenye kijiti au chini ya kifuniko cha oili.

Washa swichi, subiri taa ya hita plagi izime, piga stata. 1HZ nzima huwaka ndani ya sekunde mbili tatu bila kukanyaga mafuta, hata asubuhi ya Juni Arusha. Mtu mmoja asimame nyuma aangalie moshi. Mweupe kidogo unaoisha baada ya dakika moja ni wa baridi. Mweupe unaoendelea na wenye harufu tamutamu ni maji yanayoingia kwenye silinda. Wa buluu ni oili inayoungua: ringi au sili za valvu. Mweusi ukikanyaga mafuta ni nozeli, pampu, au filta ya hewa iliyoziba. Anza kutazama filta, ndiyo ya bei ndogo.

Kifuniko cha rejeta kikiwa bado wazi, acha injini iungurume. Mapovu ya mwanzo ni hewa iliyonaswa. Mapovu yanayokuja mfululizo bila kukoma ni moto wa silinda unaopenya kwenye maji. Funga kifuniko na ubonyeze mpira mnene wa juu wa rejeta baada ya dakika mbili: ukiwa umeshakuwa mgumu ilhali injini bado baridi, jibu ni lilelile. Hedi ya 1HZ ikichemka huweza kupasuka kati ya valvu, na hedi iliyopasuka haitibiwi na gasketi mpya. Ndiyo maana maneno “tulibadilisha gasketi tu, sasa ni nzima” yanahitaji risiti inayoonyesha hedi ilipimwa kwa presha.

Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Mvuke hafifu ni wa kawaida kwa umri huu. Moshi unaopiga mapigo na kurusha matone ya oili ni ringi na silinda zilizochoka. Tazama geji ya oili kwenye dashibodi: injini ikishapata moto, sindano isilale chini kabisa kwenye mwendo wa polepole.

Mkanda wa taiming hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kuna taa ya kukumbusha kwenye dashibodi. Taa hiyo huzimwa kwa kurekebisha swichi nyuma ya dashibodi bila kugusa mkanda, basi kuzimika kwake hakuthibitishi kitu. Bila risiti au kibandiko chenye tarehe na kilomita, hesabu mkanda, beringi ya kukazia na ufundi kama gharama yako ya wiki ya kwanza. Ukikatika njiani, valvu hugonga pistoni.

Wapo waliofunga turbo. 1HZ haikuundwa kwa turbo. Mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa 1, na joto la ziada hupasua hedi na pistoni pale dereva anapobana mlima mrefu na mzigo. Turbo iliyofungwa vizuri ina geji ya joto la moshi. Isiyo na geji ipunguzie bei, usiiongezee.

Barabarani endesha angalau kilomita 30: lami, vumbi la matuta, na mlima. Mlimani weka gia ya tatu na ukanyage: injini ikipanda sauti bila gari kuongeza mwendo, klachi inateleza. Kwenye mteremko, achia mafuta katika kila gia uone kama mkono wa gia unarudi wenyewe. Sindano ya joto ikishafika mahali pake isisogee tena, hata mlimani. Tafuta udongo laini, funga habu za mbele kwa mkono, ingiza H4 (magurudumu yote manne, gia za kasi) kisha L4 (manne, gia za nguvu), nenda mbele na nyuma. Kama lina loki za difu, taa yake hupepesa kisha hutulia ikishika. Inayopepesa bila kutulia haijashika. HZJ78 nyingi zina matanki mawili ya lita 90. Badilisha swichi ya tanki ukiendesha, na subiri uone kama injini inaendelea kula mafuta na geji inasoma.

Paa, mwili na uzito

Gari lililobeba watalii lilikatwa paa ili wasimame wapige picha. Aliyeligeuza la kambi ameziba lile tundu kwa faiba au ameweka paa linaloinuka. Mihimili ya paa iliyokatwa haikurudi. Tazama pembe nne za tundu, tazama pembe za kioo cha mbele na maungio ya nguzo za milango. Kioo kinachopasuka tena na tena kuanzia pembeni bila kupigwa jiwe ni bodi inayojipinda.

Kipimo chake ni rahisi. Pandisha gurudumu moja la nyuma kwenye jiwe au tofali la sentimita 20 hadi 25, zima gari, kisha fungua na funga milango yote. Mlango uliokuwa unafunga vizuri ukianza kusugua au kukataa, bodi imelegea. Pitisha sumaku kwenye nguzo na kingo za milango. Isipong'ata, chini ya rangi kuna puti.

Inua mpira wa mfereji wa paa, pale keria inaposhika. Hema la juu huwa na kilo 50 hadi 80, na uzito wote huo hutikisika juu ya ukingo mwembamba wa bati. Nyufa na kutu hapo ni za kawaida, na kuzitengeneza kunadai kuvua keria, hema na sili zote.

Sasa maji. Elekeza bomba juu ya paa, kwenye tundu na kwenye kioo kwa dakika 15 bila kuharakisha. Ingia ndani, papasa dari, inua mkeka, papasa chini ya makabati. Harufu ya ukungu inasema kweli hata kama siku hiyo ni kavu.

Hema lenyewe: lifungue kabisa, ingia, jifungie, tazama turubai dhidi ya jua utaona vitundu. Vuta kila zipu mwanzo hadi mwisho. Bonyeza ubao wa sakafu karibu na bawaba, ndipo unapoanza kuoza. Basi.

Watu wengi hawalipeleki gari la kambi kwenye mizani, nasi tunaona ni kosa. Matanki mawili yaliyojaa dizeli ni takriban kilo 150, maji lita 60 ni kilo 60, hema, friji, makabati ya mbao, betri ya pili, galoni za akiba, na abiria bado hawajapanda. Tafuta mizani ya kiwanda au machimbo ya kokoto, pima likiwa limejaa, linganisha na uzito wa mwisho ulioandikwa kwenye kibao au kadi. Likizidi, springi na chasisi zinalipa, na mizani ya barabara kuu si rafiki.

Umeme

Kuona betri mbili si lazima kumaanishe kuna umeme wa akiba. Fuata waya: chanya ikiunganishwa na chanya, ni volti 12, chanya ya moja ikienda kwenye hasi ya nyingine, gari ni la volti 24. Kwenye gari la volti 24 wapo mafundi wanaochota volti 12 za redio na taa kutoka betri moja tu. Hiyo moja hushuka kila siku, mwenzake huchajiwa kupita kiasi, na zote mbili hufa kabla ya wakati. Mahali pake panatakiwa kifaa cha kushusha volti.

Pima kwa mita kabla ya kuwasha injini: betri ya asidi iliyojaa husoma 12.6 au zaidi, 12.2 ni nusu, chini ya 12.0 ni tupu. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiunguruma, tarajia 13.8 hadi 14.4. Kwa mfumo wa 24, zidisha mara mbili. Betri ya kambi nayo ipande juu ya 13 dakika chache baada ya injini kuwaka. Isipopanda, kifaa cha kuunganisha betri hakifanyi kazi na mwenye gari amekuwa akiishi kwa sola peke yake.

Pima volti kwenye tundu la friji compresa ikiunguruma, kisha betrini. Tofauti ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba au viungo vimelegea. Waya wa friji usiwe chini ya milimita 6 za mraba. Kila waya mnene unaotoka betrini uwe na fyuzi ndani ya sentimita 30. Gari la kambi lina mbao, turubai na gesi, na waya usio na fyuzi ukichubuka kwenye bati, hakuna kitakachokata umeme.

Sasa rudi kwenye kipimajoto. Friji tupu, kivulini, ikishindwa kufika nyuzi 5 baada ya saa mbili, gesi imepungua au compresa imechoka. Paneli ya sola ya mfumo wa 12 ichomolewe na kupimwa mchana: volti 18 hadi 22.

Gesi na maji

Paka povu la sabuni kwenye regulata na viungo vyote vya mpira, fungua mtungi, tazama mapovu. Pinda mpira, ukionyesha nyufa, utupwe. Boksi la mtungi liwe na matundu sakafuni kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutulia chini. Pampu ya maji: fungua bomba, funga, sikiliza. Ikistuka yenyewe kila baada ya dakika chache, kuna panapovuja.

Karatasi na hesabu

Tanzania, angalia faini kwenye mfumo wa TMS wa polisi kwa namba ya gari, na deni la maegesho kwenye mfumo wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Uhamisho hufanywa TRA, na jina kwenye kadi liwe la huyo anayekaa mbele yako. Kadi ya nakala ikitolewa badala ya halisi, uliza halisi iko benki gani. Kenya, omba rekodi za gari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na utafute pia kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika iliyowekwa na sheria ya mwaka 2017, kwa kuwa mkopo unaweza kuwepo bila kuonekana machoni. Mkibishana thamani, AA Kenya hufanya tathmini ya magari, na gharama yake ni ndogo kuliko makosa ya kukisia.

Hesabu ya kubadilishana hufanywa kwa magari yote mawili, kasoro zikishapewa bei na fundi. Tuseme yeye anataka milioni 45 kwa gari lake, lako mmelikadiria milioni 30, na anadai uongeze 15. Kasoro zake zinagharimu milioni 6, zako milioni 2. Lake limebaki 39, lako 28. Nyongeza ya haki ni 11. Usikubali kasoro zake zifidiwe kwa vyombo vya kambi. “Nitakuachia na friji” si jibu la hedi.

Yapo manne ambayo hayana bei ya kupunguza: namba ya chasisi iliyoguswa, ufa kwenye kiungo cha chasisi iliyorefushwa, mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, na ushuru usiolipwa.

Mkikubaliana, andikeni mbele ya wakili mkataba unaotaja magari yote mawili kwa namba za chasisi na injini, kilomita, nyongeza na namna itakavyolipwa, na orodha ya vyombo vya kambi kwa namba zake: friji, betri, inveta, paneli, hema. Friji iliyokaguliwa Ijumaa na friji inayokabidhiwa Jumatatu huwa si moja kila mara. Maombi ya uhamisho ya magari yote mawili yaingizwe siku moja, na hakuna anayeondoka na gari la mwenzake kwa ahadi ya kusaini kesho. Kabla ya kuachana, dai ufunguo wa akiba, ufunguo wa nati za rimu, mpini wa jeki, na ile spana ndogo ya hema ambayo mwenyewe huiweka mahali anapopajua yeye tu.